Kisu cha Bi Mwanabaraka

3 Mei

Leo tumebomoa jiko la zamani. Mtoro alikuwa juu anashusha makuti, mimi chini nayapokea na kuyapanga, yaliyooza huku, ya kuwashia moto kule. Katikati ya kazi kikadondoka kitu karibu na mguu wangu. Nilidhani ni kipande cha bati. Kumbe kisu, kimevaa kutu pande zote, mpini wake umeliwa na mchwa.

Nikamwinulia mume wangu akione. Alikitazama kwa muda, kisha akasema, "Kitupe hicho. Kimeshakufa." Akashuka, akaenda kunywa maji mtungini, na hakurudi juu mpaka baada ya adhuhuri.

Mwanamume hakai mtungini muda wote huo kwa ajili ya kisu kilichokufa. Sikukitupa.

4 Mei

Jirani yangu Salima anajua habari za kila nyumba hapa kijijini. Nilimpelekea muhogo wa kuchemsha, nikamwonyesha kisu kama vile sina haja nacho. Alikitambua kwa ncha yake iliyokatika. Ni cha Bi Mwanabaraka, mama yake Mtoro, ambaye mimi sikumkuta, alikwisha kutangulia mbele ya haki. Salima anasema katika ukoo wao mkwe akiletwa nyumbani, mama mwenye nyumba humkabidhi kisu cha jikoni mbele ya wanawake, na kuanzia hapo jiko ni lake. "Zawadi alikabidhiwa hicho hicho," akasema, halafu akajifanya anaona haya kwa kumtaja.

Zawadi ndiye mke aliyeachwa kabla yangu. Anakaa kule mwinukoni, mwisho wa kijiji, anauza vitumbua. Tukikutana namsalimia, ananiitikia, basi. Watu wanasema aliachwa kwa sababu hakuelewana na mama mkwe. Mimi huu ni mwaka wa tatu nimo nyumba hii, na siku niliyoletwa mume wangu alininyooshea kidole tu: vyombo vile pale.

Sasa najua kwa nini jana alikwama mtungini. Alipokiona kisu alimwona Zawadi.

Nimeamua. Nitakifufua kwa mikono yangu mpaka kiwe changu. Yeye alikabidhiwa, mimi nitajikabidhi.

6 Mei

Jivu na makumbi ya nazi. Nimesugua tangu asubuhi mpaka mkono ukafa ganzi. Kutu ya juu imetoka, ya ndani haina habari.

7 Mei

Kusugua.

8 Mei

Kusugua. Mtoro ameniuliza kwa nini najichosha wakati maduka ya Mohoro yamejaa visu vipya. Nikamwambia nataka hiki. Akanyamaza, na mimi nilikuwa nataka aseme.

10 Mei

Kililala kwenye maji ya ukwaju. Asubuhi maji yamekuwa meusi na kutu imelainika, inatoka kwa kukwanguliwa na kigae. Chini yake kuna chuma cha zamani, kizito, si hivi vya siku hizi vinavyopinda vikikutana na muhogo. Kina vishimo vidogo ambavyo havitatoka tena. Nimekipaka mafuta ya nazi, nikakifunga kwenye kitambaa.

Nilifurahi mchana kutwa. Jioni nikakumbuka kwamba Zawadi alikishika kikiwa kizima, bila kishimo hata kimoja, na furaha yote ikaniishia.

13 Mei

Tumehamia bondeni. Mpunga unaanza kuwa wa manjano na ndege wameshajua. Dungu letu la kulindia ndege liko imara, Mtoro ameongeza nguzo. Kutwa nzima yeye anapiga debe upande ule, mimi natupa madonge upande huu. Tunazungumza na ndege kuliko tunavyozungumza wenyewe.

14 Mei

Ndege.

15 Mei

Leo nimekitia kisu mpini. Nilichonga kipande cha mpingo, nikaichoma motoni ile ncha ya nyuma mpaka ikawa nyekundu, nikaisukuma ndani ya mti. Moshi ulitoka mwingi. Kazi hii inataka watu wawili, mmoja ashike mti na mwingine asukume. Nilimwomba Mtoro, akasema ana kamba za kusokota. Nimeshika mwenyewe na nimeungua kiganja.

Angekuwa yule wa mwinukoni angemshikia. Nimelala na wazo hilo na nimeamka nalo.

17 Mei

Taabu sasa ni kunoa. Bonde hili halina mawe. Chimba mpaka maji, utatoa udongo mweusi juu na udongo mweusi chini. Kinoo cha maana kijiji kizima ni kimoja, cha Zawadi. Kwao ni milimani, Umatumbini, na alipokuja kuolewa alikuja nacho kichwani. Sisi huku mpunga tunaukata suke kwa suke kwa kisu, kwa hiyo msimu wa kuvuna kila mwanamke lazima apite kwake, anoe, akae kidogo, ale kitumbua, atoe habari. Ukitaka kujua kinachoendelea katika nyumba yoyote, muulize mwenye jiwe.

Mimi misimu yote tangu niolewe nanoa kwa kitako cha bakuli. Siendi kupiga magoti kwa Zawadi.

18 Mei

Kitako cha bakuli kimepasuka. Nimemalizia kwa tofali.

20 Mei

Kisu kimeanza kazi jikoni. Si kikali sana, lakini kinakata. Nimekata vitunguu na nyanya, nimempasua kambale, nimepika mchuzi wa nazi mzito. Niliweka kisu pale pale penye mkeka, Mtoro akione kinavyong'aa.

Alikiona. Akala wali mtupu. Mchuzi hakuugusa, anasema tumbo linamsumbua.

21 Mei

Hakula mchuzi.

22 Mei

Hakula mchuzi. Amechoma samaki wake mwenyewe kwenye kijiti, mzima mzima, bila hata kumpasua. Nikamuuliza kama mkono wangu umeanza kunuka. Akasema, "Mwajabu, usianze." Sijaanza, bado.

23 Mei

Tumeanza kuvuna. Tuko wanawake wanne kwa kusaidiana, leo shamba langu, kesho la Salima. Visu vyao vinapita kwenye suke bila sauti. Changu kinavuta, kinang'oa, na Salima akaniambia kwa huruma ya uongo, "Si upande tu mwinukoni, mwenzetu? Hachukui kitu." Nikamwambia nimezoea.

25 Mei

Mtoro alikwenda kijijini kutazama nyumba. Nyumba yenyewe haina mlango wa kuibwa wala ukuta wa kuanguka, lakini amekwenda kuitazama. Amerudi na harufu ya iliki. Nikamwekea chakula, akasema ameshiba.

Iliki inatiwa kwenye vitumbua. Sijasoma sana lakini hiyo sihitaji kufundishwa.

26 Mei

Salima amesema, bila kuulizwa, kwamba jana alimwona Mtoro amekaa uani kwa Zawadi, kichwa kimeinama, na Zawadi amesimama mbele yake. Anasema wanaume wa kahawani wana maneno kwamba atamrudia. Eda iliisha zamani, kwa hiyo ni kufunga ndoa upya tu. Shekhe yupo na wali tunauvuna sisi.

Nimekata mpunga leo kwa hasira na nimejikata kidole.

27 Mei

Hakula mchuzi. Nimeumwaga mbele yake.

29 Mei

Mtoro mwenyewe, ambaye kwa ajili ya mpini hakutaka kunishikia hata mti, leo amesema, "Nipe kisu chako nikakinoe." Nikamuuliza wapi. Akasema si kuna jiwe moja tu. Alisema hivyo huku anatazama mtoni.

Nilimpa. Nilitaka kuona.

Aliondoka jua likiwa bado chini, akarudi baada ya alasiri. Kunoa kisu hakufiki hapo hata kama unanoa na vya majirani. Kweli kimekuwa kikali, kinanyoa vinyweleo vya mkono. Lakini pale chuma kinapoingia kwenye mpini nimekuta udongo mwekundu umejibana. Bondeni hapa udongo ni mweusi. Mwekundu uko mwinukoni tu, uani kwake. Kwa hiyo waliketi mpaka kisu kikasahaulika chini.

30 Mei

Nimeamka nimekuta kutu. Changa, ya rangi ya chungwa, imetapakaa pande zote mbili. Mimi sikiachi na tone la maji, nakifuta kila nikimaliza na kukipaka mafuta. Mtu amekiosha tena na tena na hakukikausha. Kazi yangu ya mwezi mzima imeharibiwa na mwanamke asiyejua hata kufuta kisu, au anayejua na amefanya makusudi.

Na leo Mtoro amekula mchuzi. Amekula sahani mbili, akafuta sahani kwa tonge. Tumbo limepona huko huko alikokwenda.

31 Mei

Mvua ya kupita, si ya msimu. Mpunga uliokatwa tumeufunika kwa turubai.

2 Juni

Nimekwenda kwa Zawadi.

Nilifika na kisu mkononi, na hiyo si namna nzuri ya kuingia kwenye nyumba ya watu. Alikuwa peke yake anakoroga unga wa vitumbua. Sikumaliza hata hodi. Nilimwambia kama anamtaka mume wangu aseme, amchukue na magunia yake, lakini kisu changu asikiguse, maana nimekitoa kwenye kutu kwa mikono hii na yeye amekirudisha kwenye kutu kwa siku moja. Nilisema mengine pia ambayo sitayaandika.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Akanivutia kigoda. Akasema, "Kisu chako hakikuja kunolewa tu, mdogo wangu. Kimeoshwa hapo kwenye mgomba mara saba, na moja kwa udongo. Mumeo alikiosha mwenyewe, mimi nilimhesabia."

Kila aliyekaa madrasa anajua kinachooshwa mara saba na udongo. Ni kilichoguswa na mbwa, au na nguruwe. Nikakaa.

Akaniambia yote taratibu, huku anakoroga unga. Mwaka ule maji yalipopanda na kuchukua mpunga wa kila mtu, Mtoro alibaki bondeni peke yake kulinda kipande kilichosalia. Nguruwe pori wakaingia. Akamnasa mmoja, akamchuna kwa kisu cha mama yake, nyama akawauzia wachoma mkaa waliopiga kambi porini, watu wa dini nyingine wanaoila. Kisha akakirudisha kisu jikoni na hakusema neno. Zawadi akapasulia samaki wa futari ya mama mkwe, ilikuwa Ramadhani. Siku ya pili yake, katika kusafisha, akakuta mafuta meupe na nywele ngumu zimenasa kwenye mpini. Akamuuliza Mtoro, na Mtoro akalia, akamwomba asimwambie mama.

"Kukiosha kungetosha, najua," alisema Zawadi. "Lakini roho yangu ilikataa. Nikakichomeka kwenye makuti nisikione. Mama akauliza kisu kiko wapi, nikasema kimepotea. Kisu cha mama yake na bibi yake, mimi nimekipoteza. Akasema mwanamke asiyeweza kutunza kisu hawezi kutunza nyumba, akamwambia mwanawe aniache. Na mwanawe alikuwa amekaa hapo hapo, anasikia."

Nikauliza alisema nini.

"Hakusema kitu. Aliniacha."

Kisha nikakumbuka yaliyonihusu. Mchuzi wote ule tangu kisu kianze kazi niliula mimi, nikalamba vidole, nikasimama kuswali. Mtoro alijua. Alichoma samaki wake kwenye kijiti na akanitazama nikila. Nilipolisema hilo kwa sauti, Zawadi akakichukua kisu mapajani mwangu, akakiweka chini.

Anasema Mtoro alikuja kwake mara ya kwanza kuuliza afanyeje, kwa sababu mimi sikubali kukitupa na yeye hawezi kunieleza. Zawadi akamwambia aende akaniambie. Akashindwa. Akarudi nacho, wakakiosha. "Mimi nilitaka akwambie," alisema. "Sasa nimekwambia mimi, na usiseme nimekwambia."

Nikamuuliza, maana nilikuwa nimekuja kwa ajili hiyo, kama anataka kurudi. Alicheka mpaka mwiko ukaanguka. Akasema angekuwa mtu wa kupigania angempigania siku ile ile. Akaninolea kisu upya, kutu changa ikatoka, akakifuta kwa kanga yake na kunirudishia. Nikanunua vitumbua.

Nilitegemea wivu utaishia njiani. Haukuisha, umehama tu mahali. Nilikuwa nadhani Zawadi ana moyo wa mume wangu, kumbe ana kitu kingine: alipewa aibu yake akaibeba, akaachwa nayo na bado akaendelea kuibeba. Mimi nafua kanzu zake, naujua mguu wake unaouma wakati wa baridi, najua anavyosema usingizini. Lakini hili lililo kubwa kuliko yote amemwachia mwingine, na mimi nikalipata kwa kwenda kugombana.

3 Juni

Sikumwambia kitu. Nimekata vitunguu mbele yake, polepole, nikampa nafasi. Alikula.

5 Juni

Nimekata vitunguu mbele yake. Akasema mwaka huu vitunguu vikali.

7 Juni

Idi. Tulipanda kijijini kuswali. Mtoro alisimama safu ya mbele na kanzu niliyoipiga pasi mimi. Nyama tuliletewa na jirani. Nilikutana na Zawadi, tukapeana mkono, na Salima akatazama mikono yetu kama anasubiri itoke damu.

11 Juni

Mpunga. Magunia yanajaa, namshukuru Mungu.

12 Juni

Mpunga.

15 Juni

Leo nilimsaidia njia. Nikasema, hiki kisu sijui kwa nini kilichomekwa juu ya paa, kitu kizuri hivi. Alikuwa anafunga gunia. Mikono ilisimama. Nikahesabu pumzi zangu. Kisha akaendelea kufunga na akasema watu wa zamani walikuwa na mambo yao.

Watu wa zamani. Zawadi anakaanga vitumbua hapo juu, mtu wa zamani.

16 Juni

Nimefunga nguo zangu kwenye kanga moja na kuificha chini ya mkeka. Kaka yangu Mustapha yuko Ikwiriri, ana chumba. Sitagomba wala kudai. Siku mpunga wote utakapofika nyumbani, kama mume wangu hajafungua mdomo wake, nitapanda basi. Aliyemtazama Zawadi akifukuzwa kwa ajili ya siri yake, na mimi atanitazama hivyo hivyo siku yoyote.

Nilipokuwa nafunga nguo nililia, na sikulia kwa ajili ya najisi. Nilililia jambo dogo, kwamba Zawadi aliulizwa afanyeje na mimi sikuulizwa.

19 Juni

Amenitengenezea ngazi mpya ya dungu kwa sababu ya zamani ilinichoma kijiti. Ningependa asingekuwa mwema katika mambo madogo.

21 Juni

Gunia la mwisho limepanda mtumbwini. Kesho tunahama.

22 Juni

Tumefika nyumbani. Jiko jipya liko wazi, linanuka makuti mabichi. Kwa desturi ya hapa, wali mpya haupikwi hivi hivi, lazima achinjwe kuku na majirani wapelekewe. Kuku ni wa mwanamume kuchinja. Nilimkamata jogoo, nikamshika mabawa, nikampa Mtoro kisu.

Nilikuwa nimeshajiambia: hii ndiyo ya mwisho. Akichinja bila neno, nitapika, nitagawa, nitakula, na asubuhi nitakwenda stendi.

Alikishika. Alikigeuza upande huu na upande huu. Kinang'aa sasa, hata vile vishimo vinang'aa. Kisha akakaa chini kwenye mchanga, na kisu mapajani, akasema, "Mwachie huyo kuku. Kaa."

Nikamwachia. Nikakaa.

Alinieleza. Alieleza vibaya, alianzia katikati, akarudi nyuma, akaruka. Mafuriko, nguruwe, wachoma mkaa, futari ya mama yake. Aliposema kwamba alinitazama nikila mchuzi na hakuwa na mdomo wa kunizuia, alishindwa kuendelea na nilimsubiri. Sikumsaidia hata neno moja. Nilikaa kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza, maana Zawadi aliniomba nisiseme. Nikasema tu kwamba imenichoma, kwa sababu imenichoma.

Kisha nikauliza nilichotaka kuuliza tangu siku ile. "Nani mwingine anajua?"

"Zawadi anajua niliuza," akasema. "Nilimwambia niliuza yote."

"Hukuuza yote?"

Alikuwa anachora mchanga kwa ncha iliyokatika. Akasema mwaka ule unga uliokuwepo nyumbani alimwachia mama yake na mkewe, akawadanganya kwamba bondeni ana chakula. Hakuwa nacho. Alichimba mizizi mpaka mizizi ikaisha. Sauti yake ilikuwa ndogo hivi kwamba nililazimika kumsogelea. "Nilikula, Mwajabu. Siku ile na siku zilizofuata. Nilikaanga, nikala, nikashiba."

Nilimwambia yanayosemwa: kwamba njaa ya namna ile ina hukumu yake, kwamba Mungu anajua tumbo la mja wake kuliko mja mwenyewe. Nilisema vizuri tu. Yeye alikuwa analia, mtu mzima, mabega yanatikisika, na jogoo anadonoa karibu na mguu wake.

"Na Zawadi hajui hilo?"

Akatikisa kichwa. "Wala mama hakujua. Hajui mtu. Ni wewe tu."

Nikainuka haraka, nikaingia jikoni, nikainama kwenye mafiga kama mtu anayepuliza moto, na moto nilikuwa bado sijauwasha. Sikutaka anione uso. Mume wangu alikuwa nje anamlilia Mola wake, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa natabasamu.